Shemeji anachoma nyasi, mama mkwe anakosa pumzi

Shangazi, salamu nyingi kutoka Bweyale.

Mimi ni mama wa watoto watatu, mdogo ana miezi saba. Nauza nyanya na mukene, wale dagaa wa ziwani, sokoni. Tunaishi kiwanja kimoja na mama mkwe wangu pamoja na familia ya kaka mkubwa wa mume wangu. Kijiji chetu ni mchanganyiko: Wachope, Waalur, Waacholi, Wakongo, na ndugu zetu waliokimbia vita Sudan Kusini. Kiswahili ndicho kinachotuunganisha sokoni, ndiyo maana nakuandikia kwa lugha hii.

Tangu Krismasi ipite, moshi hautuachi. Mchana kuna nafuu kidogo, lakini jua likizama moshi unashuka hadi ndani ya nyumba. Asubuhi macho yanawasha na kamasi linatoka jeusi. Mtoto anakohoa usiku. Mama mkwe ana pumu ya miaka mingi. Alipewa dawa ile ya kuvuta kwa mdomo, lakini haigusi. Anasema ukiizoea huwezi tena kuishi bila hiyo, na kwamba ni dawa ya watu waliofika mwisho. Anajifunika kitambaa chenye maji usoni, nasi tunamnywesha maziwa kwa sababu watu wanasema maziwa yanaosha mapafu. Wiki iliyopita alibanwa usiku mpaka akashindwa kusema. Tulimpandisha boda, mume wangu akamshika kwa nyuma, tukamfikisha kituo cha afya. Wakamvutisha dawa ileile anayoikataa, akapata pumzi.

Kinachoniumiza zaidi, Shangazi, ni kwamba sehemu ya moto huu anauwasha shemeji mwenyewe. Anachoma nyasi upande wa mtoni ili mbuzi wapate majani mabichi, na vijana wake wanasubiri pembeni kuwinda panya wa porini wanaokimbia moto. Nilipomwambia mume wangu alijibu, "Huyo ni mkubwa wangu, usiniletee vita." Nikamwendea shemeji siku moja moto ukiwa bado unawaka. Akaniambia babu yake alichoma na hakuna aliyekufa, na hata yeye asipochoma, moshi wa Sudan utakuja tu.

Kwa sasa kila jioni nafunga milango na madirisha yote, na nimeingiza sigiri ya mkaa ndani ili nisipike nje kwenye moshi. Je, nafanya sawa? Ninunue barakoa? Niende na watoto kwetu Nebbi mpaka mvua inyeshe? Na shemeji nimwambieje?

Mkaza mwana, Bweyale

JIBU

Mwanangu, kabla hujafika mwisho wa jibu hili, inuka kwanza uitoe hiyo sigiri nje.

Mkaa unaowaka hutoa gesi ya kaboni monoksaidi. Haina rangi wala harufu, kwa hiyo hutaijua inapoingia. Kichwa kinauma, mwili unalegea, usingizi unakuja, na aliyelala haamki. Nje gesi hiyo hupotea hewani, lakini kwenye chumba ulichokifunga kila upenyo inajaa. Hata makaa yaliyofunikwa na majivu, yanayoonekana kama yamezima, bado yanaitoa. Ukimkuta mtu ndani ya chumba chenye mkaa analalamika kichwa na kizunguzungu, au haamki vizuri, mtoe nje kwenye hewa mara moja kisha mkimbize hospitali. Moshi wa nyasi unawaumiza, na sigiri katika chumba kilichofungwa inaweza kuwamaliza wote kwa usiku mmoja.

Upike wapi basi? Palepale jikoni kwako nje, ila badilisha saa. Jioni ardhi ikipoa, hewa ya chini hupoa nayo na kutulia, moshi ukakosa pa kwenda ukabaki kwenye usawa wa pua zetu. Ndiyo sababu unauona ukishuka jua likizama. Jua likipanda, kuanzia kama saa nne asubuhi, hewa hupata joto, huinuka, na huubeba moshi juu. Chakula cha usiku kipike mchana, kabla ya saa kumi, na chai ya jioni iweke kwenye chupa ya chai. Loweka maharagwe usiku ili yaive upesi, funika sufuria, tumia kuni kavu. Mtoto asiwe mgongoni unapochochea moto. Hapa Uganda zaidi ya kaya tisa katika kila kumi hupikia kuni au mkaa, maana yake mapafu ya mama na mtoto yanakuwa yamekwisha kubeba moshi wa jiko kabla moshi wa porini haujafika. Wa porini huwezi kuuzima peke yako. Wa jikoni unaweza kuupunguza kuanzia leo.

Sasa mama mkwe. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndiye aliye hatarini zaidi katika yote uliyoniandikia, na dawa yake tayari iko nyumbani.

Hofu yake naijua, nimeisikia kwa wazee wengi. Wanaona mtu mwenye pumu kali anatembea na kile kichupa, kisha anafariki, nao wanahesabu kwamba kichupa ndicho kilichomuua. Dawa ya kufungua kifua, salbutamol, ambayo mara nyingi huja katika kichupa cha bluu, haimfanyi mtu kuwa mtumwa wake. Inalegeza misuli iliyoibana mirija ya hewa, basi. Akiitafuta kila siku, maana yake pumu yenyewe haijatulizwa, na hapo anahitaji dawa ya pili, ile ya kuzuia, inayotumiwa kila siku hata akijisikia mzima, ili kupunguza uvimbe ndani ya mirija. Muulize mhudumu wa kituo cha afya kuhusu hiyo dawa ya kuzuia. Mtu anayetumia ya bluu zaidi ya mara mbili kwa wiki asiendelee kuvumilia tu, arudi apimwe.

Na mwambie jambo hili, maana wazee wetu hupenda hesabu iliyo wazi. Watu wengi wanaoogopa kichupa wanameza vidonge vya salbutamol bila wasiwasi. Kidonge kimoja cha miligramu 4 kina dawa mara 40 kuliko mvuto mmoja wa kichupa, ambao ni maikrogramu 100. Kidonge kinapita tumboni, kinazunguka mwili mzima, kinamtetemesha mikono na kumwendesha moyo mbio. Mvuto unakwenda kwenye mapafu moja kwa moja, kwa kiasi kidogo, na unafanya kazi ndani ya dakika chache. Kati ya hivyo viwili, kichupa ndicho kilicho laini kwa mwili wake.

Huenda pia hakuwahi kuonyeshwa namna ya kukitumia, akapuliza dawa kwenye ulimi, asione faida, akakitupa pembeni. Wengi wanakosea hapo. Chukua chupa safi ya plastiki ya nusu lita, nenda nayo kituoni, uombe wakuonyeshe jinsi ya kutoboa kitako chake ili mdomo wa kichupa uingie na kubana sawasawa. Mama anaweka midomo kwenye shingo ya chupa, unabonyeza mara moja, naye anavuta polepole kupitia humo. Dawa nyingi zaidi inafika kifuani kuliko kupulizia mdomoni tu. Kifaa cha dukani cha kazi hiyo ni ghali na hakipatikani kila mahali, na chupa imethibitika kufanya kazi vizuri.

Akibanwa usiku mwingine, mkalishe wima, usimlaze. Mpe mvuto mmoja, avute pumzi kadhaa kupitia chupa, subiri kama nusu dakika hadi dakika nzima, mpe mwingine. Unaweza kufika mivuto 10. Boda iitwe huku unaendelea kumpa, msisubiri kuona kama itapita. Asipoweza kumaliza sentensi moja bila kukata pumzi, au ndani ya midomo na kwenye ulimi rangi ikawa ya kijivu au bluu, au akaanza kuchanganyikiwa, hiyo ni safari ya hospitali hata kama ni saa nane za usiku. Vituo vya afya vya serikali viliacha kutoza ada mwaka 2001, lakini vichupa hivi huisha mara kwa mara. Kama kikundi chenu cha akiba pale sokoni kinaweza kutenga pesa ya vichupa viwili vya akiba kwa ajili ya wenye pumu wa kijiji, kifanye hivyo mapema.

Kitambaa cha maji kinakamata majivu na kupoza uso, nami sitamkataza. Lakini chembe za moshi zinazofika ndani kabisa ya mapafu ni zile ndogo za maikromita 2.5 kushuka chini, na unywele mmoja ni mnene kuzishinda mara 30 hivi. Zinapita kwenye kitambaa, zinapita pia kwenye barakoa ya kitambaa na ile nyembamba ya bluu ya hospitali, hasa pembeni isipobana. Barakoa inayozuia ni ya aina ya N95 au KN95, ikikaa usoni bila mwanya. Ukiweza kununua moja au mbili, ziwe za mama mkwe na za mtu anayelazimika kutoka moshi ukiwa mzito, ingawa mwenye pumu akiona inamzidishia shida ya kupumua aivue. Mtoto wa miezi saba hafungwi barakoa kabisa. Maziwa mpe mama kama chakula. Yanakwenda tumboni, hayafiki kwenye mapafu. Maji ya kunywa yanamsaidia koo na kulainisha makohozi.

Huyo mtoto wako mdogo mwangalie kifua akiwa ametulia, hanyonyi wala halii. Hesabu pumzi zake dakika nzima. Kwa mtoto wa miezi miwili hadi kabla ya kutimiza mwaka, pumzi 50 au zaidi kwa dakika ni hatari. Akishatimiza mwaka hadi miaka mitano, ni 40 au zaidi. VHT wa kijiji chenu, yule mhudumu wa afya wa kujitolea, amefundishwa kuhesabu hivyo, mwite akusaidie. Nyama ya chini ya mbavu ikiingia ndani kila akivuta hewa, akikataa kunyonya, akitapika kila kitu, akilegea au kupata degedege, usihesabu tena, nenda. Kikohozi cha moshi na nimonia vinaanza kwa kufanana, na mama hawezi kuvitofautisha kwa kusikiliza tu. Mnyonyeshe mara nyingi zaidi siku hizi.

Kufunga milango jioni ni sawa, mradi hakuna moto ndani: si sigiri, si tadooba ya mafuta ya taa, si dawa ya mbu ya kuchoma, si ubani. Lakini najua nyumba zetu. Unafunga dirisha, na moshi unaingia kwa raha juu ya ukuta, pale bati linapoacha mwanya. Usihangaike na nyumba nzima. Chagua chumba kimoja kidogo, kilichopigwa plasta, chenye mlango unaofunga vizuri. Ziba ule mwanya wa juu kwa magunia au nguo kuukuu, weka tambara chini ya mlango, na humo walale mama mkwe na mtoto. Sakafu ipigwe deki kwa kitambaa chenye maji, kwa maana kufagia kavu kunayainua tena majivu yaliyokwisha kutua. Mchana moshi ukipungua fungua kila kitu, hewa ipite. Kwenu mwezi wa kwanza joto ni kali, na kumfungia mzee kwenye chumba cha bati adhuhuri ni kumletea ugonjwa mwingine. Joto likimshinda, mtoe kivulini hata kama moshi upo kidogo.

Utajuaje umepungua? Iko programu ya simu ya AirQo, kazi iliyoanzia Chuo Kikuu cha Makerere mwaka 2015, inayoonyesha hali ya hewa kwa rangi, lakini vipimo vyake vingi viko mijini. Kwa kijiji tumia macho. Chagua mnara wa simu au kilima cha mbali unachokiona vizuri siku safi. Siku kikififia, wazee, watoto, wajawazito, wenye pumu na wenye ugonjwa wa moyo wabaki ndani na wasifanye kazi nzito. Siku hukioni kabisa, kila mtu apunguze kazi za nje, na watoto wa shule wasichezeshwe mpira.

Kuhusu Nebbi, mimi sikushauri. Huko nako nyasi zinachomwa msimu huohuo, na ukiondoka mama mkwe anabaki bila mtu wa kumshika usiku.

Haya, tuje kwa shemeji. Kuna jambo moja amesema kweli, nawe ulikubali. Moshi wa mbali upo. Karibu theluthi mbili ya eneo lote linaloungua duniani kila mwaka liko Afrika, na Desemba hadi Februari moto umeenea kaskazini mwa ikweta, Sudan Kusini na hapa kwetu, na upepo wa msimu huo huvuma kutoka kaskazini-mashariki. Kwa hiyo chumba cha kulala na dawa ya mama vinahitajika hata shemeji akiacha leo. Lakini moto wa mtoni, hatua chache kutoka mlangoni, ndio unaomwaga moshi mzito usiku kabla haujatawanyika. Ule wa mbali unafika umepungua. Wake haupungui. Na wala si kweli kwamba hakuna aliyekufa enzi za babu. Wazee wengi walikufa kwa "kifua" na hakuna aliyehesabu moshi kuwa sababu.

Sheria iko upande wako. Kuchoma nyasi ovyo kumekatazwa Uganda tangu 1974. Hata hivyo sikutumi polisi. Ukimpeleka shemeji polisi utashinda siku moja, kisha utaishi naye kiwanja kimoja ukiwa adui, na mwakani atachoma usiku mtu asimwone.

Usimwendee tena wewe, na asiendewe moto ukiwaka, maana mtu mwenye kiberiti mkononi anajitetea tu. Anayebanwa kifua ni mama yake mzazi. Hilo ndilo la kusemwa, na lisemwe na mtu anayeweza kumketisha: baba mdogo wa ukoo, au mchungaji au imamu wenu, akiwa na mhudumu wa kituo cha afya aliyemwona mama usiku ule. Mume wako naye aende. Anaogopa vita na kaka yake, na hapa haombwi kupigana. Anaombwa aseme jinsi alivyomshika mama kwenye boda. Akisema hilo tu inatosha.

Mwende na kitu mkononi, si malalamiko matupu. Shemeji anataka majani mabichi ya mbuzi na shamba safi kabla ya mvua ya mwezi wa tatu. Vijana wa kiwanja wamkatie nyasi kwa panga sehemu iliyo karibu na nyumba, na nyasi zilizokatwa zitandazwe shambani zishike unyevu. Wakwangue ukanda wazi kati ya nyumba na mto, moto wa mtu mwingine usivuke. Panya wawindwe kwa mitego. Najua uwindaji wa moto una raha yake kwa vijana, na hapo ndipo mtakapopata ubishi mrefu kuliko kwa shemeji mwenyewe. Mkubaliane angalau jambo moja ambalo halivunjwi: hakuna moto wa jioni, hata wa takataka.

Kisha lipelekeni kwa mwenyekiti wa LC1, yaani wa baraza la kijiji, kwa kuwa shemeji si peke yake anayechoma. Baraza la kijiji linaweza kuweka sheria ndogo yake, na kaunti ndogo ikaithibitisha. Katika kikao hichohicho ombeni mambo mawili yasiyogharimu pesa. Kwanza, VHT aandike majina ya walio dhaifu nyumba kwa nyumba: wenye pumu, wenye moyo, waliougua kifua kikuu, wajawazito, watoto wachanga, wenye selimundu, wazee wanaoishi peke yao. Kila jina lipewe jirani wa kulichungulia jioni moshi ukizidi, kwa sababu mzee anayeishi peke yake hatapiga kelele. Wakimbizi waliofika karibuni waingizwe pia, wengi wao wanalala katika makazi ya turubai yasiyofungika. Pili, tafuteni chumba kimoja cha jumuiya chenye dari na milango mizuri, ofisi ya kanisa au darasa, ambacho ufunguo wake unajulikana uko kwa nani. Wasijazane humo wanaokohoa makohozi kwa wiki mbili na zaidi. Hao wapelekwe kupimwa kifua kikuu.

Kikao cha mwaka huu kiitwe sasa watu wakiwa bado wanakohoa, wala kisingoje mvua, maana mvua ikinyesha kila mtu atasahau. Kazi ya kukwangua ule ukanda ipangiwe Novemba, kabla nyasi hazijakauka.

Kesho asubuhi anza na kituo cha afya. Beba kichupa cha mama, chupa ya plastiki, na umpeleke mtoto ahesabiwe pumzi. Kama mama bado anakataa, mwombe mhudumu amweleze mwenyewe ile hesabu ya kidonge na mvuto, na shemeji awepo akisikiliza.